Kiraka cha Shaba

Jumatatu, 7 Oktoba

Sista wa kliniki alinipima presha akarudia kupima. Halafu akauliza, "Mama, ni nini hiki unabeba kwa kichwa?" Nikamwambia nabeba watoto. Akasema, "Wako na miaka mingapi?" Niliposema wote ni watu wazima alicheka hadi akaweka mashine chini. Ameniambia mawazo yakianza kuzunguka niyaandike, yakae mahali pamoja, yaniache nilale.

Basi nimechukua daftari hili la binti yangu Mukami, ambalo aliliacha na kurasa nyingi safi. Mimi niliachia darasa la saba lakini mkono haujasahau.

Wazo la kwanza ni Mwenda. Amepata kazi ya msikiti.

Jumanne, 8 Oktoba

Mawingu yamefunga Mlima tangu asubuhi. Haijanyesha. Nimetoa mbegu ya maharagwe kwa gunia nikaangalia kama ina wadudu.

Jumatano, 9 Oktoba

Niandike vizuri jambo la msikiti ndio nielewe ni kwa nini linaninyima usingizi.

Mwenda ni kitinda mimba wangu. Ni fundi wa mabati. Anatengeneza mifereji, matangi na paa za nyumba hapa Kinoru. Kazi yake ni safi, hata wanaomchukia wanasema. Sasa kule mjini, karibu na mahali malori yanalala, kuna msikiti mdogo ulio na kuba la shaba juu ya mlango. Tangu niolewe huku nimelikuta ni la kijani. Mimi nilifikiri limepakwa rangi. Mvua ya mwezi wa nne upepo uliangusha tawi la mti juu yake na ubavu mmoja ukararuka.

Mkubwa wa msikiti huo ni Mzee Aweys, mwenye malori ya Moyale. Mke wake ni Luul, Mama Sabirin, ambaye ananunua maziwa kwangu kila asubuhi. Tulianza na maziwa, sasa tunaulizana hata namna tulivyolala. Ni Luul aliyemwambia mzee wake, "Kuna kijana wa Mama Mwenda, mjaribu." Kwa hivyo Mwenda akiharibu, ataharibu juu ya shingo yangu na ya Luul.

Na si hiyo tu. Mzee Aweys amesema kazi hii ikitoka vizuri, msikiti wa mji wa Maua unaojengwa upya, paa lote ni la Mwenda. Paa lote! Kijana ambaye amekuwa akiziba matundu ya mabati ya watu. Na mwezi wa kumi na mbili binti yao Sabirin anaolewa, nikaha itasomwa hapo hapo, wageni watoke Isiolo na Garissa. Kila mtu atapita chini ya hilo kuba.

Nimeomba. Nimeandika pia. Tuone ni gani itanipa usingizi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua imekuja! Imeanza na mawe madogo juu ya mabati, halafu ikatulia ikanyesha kama ya watu wazima. Tumepanda maharagwe mimi na Baba Mwenda hadi jioni. Mwenda ameshindwa kupanda ngazi, shaba ikilowa inateleza. Nikamwambia hata kesho asipande. Ananiita Matha badala ya mama. Akasema, "Matha, kesho ni Jumapili." Nikamwambia basi hata Jumatatu.

Jumanne, 15 Oktoba

Amemaliza kuweka shaba mpya. Nimepeleka maziwa kwa Luul nikapitia msikitini nione.

Wuui. Kuba lote ni kijani kimetulia, halafu ubavu mmoja unawaka. Unawaka kama sufuria iliyosuguliwa na majivu! Vijana wa kupakia malori walikuwa wamekaa ukutani wakila miraa, hawana kazi, midomo iko wazi.

"Msikiti umeng'oa jino ukaweka la dhahabu!"

"Wacha wewe, huo ni upara. Angalia vizuri."

"Fundi! Hiyo taa tutakuwa tukizima saa ngapi?"

Mwenda alikuwa juu ya ngazi akijifanya hasikii. Masikio yake yalikuwa mekundu, mimi namjua. Mzee Aweys akatoka na fimbo yake, akainua uso akaangalia muda mrefu. Si mtu wa kelele. Akasema, "Fundi, mkono wako ni mzuri. Viungo sivioni. Lakini hii itaingia rangi ya wenzake lini?"

"Itaingia, Mzee."

"Nimeuliza lini."

Mwenda akashika kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na mtungi wa maziwa, nikasikia presha ikipanda kutoka kwa vidole vya miguu.

Jioni Baba Mwenda akasema kwa nini wasipake ile rangi ya kijani ya geti. Mwenda akamwambia, "Baba, rangi ya geti kwa shaba itabanduka kabla bibi harusi hajavaa viatu." Mume wangu akaendelea kula. Huyo mwanaume hajawahi kupoteza usingizi kwa sababu ya kitu chochote. Mimi ndio nimebeba fungu la wote wawili.

Ijumaa, 18 Oktoba

Shaba imepoa kidogo, imekuwa kama chungwa lililoiva likapita. Bado si kijani.

Jumatatu, 21 Oktoba

Leo imenyesha asubuhi hadi jioni. Nimepita tena msikitini. Luul aliniambia kwa sauti ya chini kwamba shemeji zake kutoka Isiolo wametumiwa picha ya kuba, wakauliza kama pesa ziliisha katikati. Alicheka lakini macho hayakucheka.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimepata dawa. Nimeipata mimi mwenyewe, si kwa kuambiwa!

Nilikuwa kwa boma la ng'ombe nikitoa mavi. Pale kwa ukuta kuna waya wa shaba wa stima, ule unaoingia ardhini. Juu ni wa kahawia. Lakini chini, mahali ng'ombe anakojoa na mahali jiwe lake la chumvi linatiririka mvua ikilipiga, waya ni kijani. Kijani cha kuba kabisa! Nimeinama nikaangalia hadi ng'ombe akanilamba mgongo.

Nikamwita Mwenda mbio. Akaangalia. Akasema, "Matha, hiyo ni mikojo."

"Na si imefanya kazi?"

"Imefanya."

"Basi unangoja nini? Unangoja upara uote nywele?"

Akachukua kipande kilichobaki cha shaba, tukaweka mkojo wa ng'ombe kwa ndoo, nikamimina chumvi ya ng'ombe nikakoroga na kijiti. Tukaloweka maganda ya mahindi ndani ya hayo maji, tukafunika kipande nayo, tukafunga na gunia. Vile mtu anavivisha ndizi.

Nimefikiria kumpigia Mukami. Binti yangu anafundisha kemia huko Embu. Lakini Mukami ukimuuliza kitu kidogo anakupatia somo lote na mtihani. Nimeacha.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumefungua. Kijani! Chenye buluu kidogo ndani yake, kizuri hata kuliko cha kuba. Baba Mwenda alitoka kuona akasema, "Sasa ng'ombe wangu naye ni fundi, alipwe." Nimecheka hadi nikakaa chini. Usiku nililala kama mtoto.

Jumanne, 29 Oktoba

Mwenda alisita. Alisema tungoje tuone kama kile kipande kitakaa. Nikamwambia harusi haingoji, na mvua imetulia kidogo wiki hii, apande sasa. Nilimwambia mara nyingi. Ameenda.

Amefunga ubavu wote wa kuba kwa maganda na magunia. Mzee Aweys aliuliza ni nini, Mwenda akamjibu, "Ni dawa ya shaba, Mzee." Vijana wa malori wamesema msikiti umeumwa na jino sasa umefungwa kitambaa.

Ijumaa, 1 Novemba

Imefunguliwa. Imekuwa kijani! Watu walitoka swala ya Ijumaa wakainua macho, na hakuna aliyecheka. Mzee Aweys alimshika Mwenda bega. Sabirin akapiga picha akatuma Isiolo. Luul alinishika mikono yote miwili pale barabarani akasema, "Mama Mwenda, Mungu akuwekee huyo kijana."

Leo sina wazo la kuandika. Nimeandika tu kwa furaha.

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nitaandika yote.

Asubuhi nilichelewa kupeleka maziwa kwa sababu ndama alikuwa akiharisha. Luul akaja mwenyewe hapa kwangu. Nikafurahi, nikamwambia aingie anywe chai. Akasema kwanza amuone ndama, yeye amekulia kwa mifugo, anajua ndama kuliko mimi. Tukaenda kwa boma. Akamfungua ndama mdomo, akamwangalia macho, akasema si mbaya, nimpatie maji ya chumvi na sukari.

Alipogeuka akaona ile ndoo, na maganda, na gunia limegeuka buluu.

"Hii ndiyo dawa ya fundi?"

Na mimi, kwa kiburi changu, nikasema, "Ndiyo! Ni mimi niliivumbua, Mama Sabirin. Usimwambie mtu. Ni mkojo wa ng'ombe na chumvi tu."

Hakuondoa macho kwa ndoo. Nilifikiri hajasikia, nikarudia. Akarudi nyuma hatua kidogo, akakusanya nguo yake isiguse ndoo.

"Mkojo," akasema. "Juu ya msikiti."

"Si ni wa ng'ombe? Si wa mtu."

"Mama Mwenda. Kwetu mkojo ni najisi. Wa mtu, wa ng'ombe, ni najisi. Ukikugusa nguo, huswali na hiyo nguo mpaka uioshe. Na nyinyi mmeuweka juu ya mlango wa nyumba ya swala. Watu wamepita chini yake tangu Ijumaa."

Sikujua pa kuweka mikono. Sisi mkojo wa ng'ombe tunamwagia mboga, tunamwagia kahawa iliyo na wadudu, hata nyanya yangu alikuwa akioshea vibuyu vya maziwa. Haikuwahi kuingia kwa akili yangu kwamba ni kitu cha kuuliza. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Najua hukujua." Lakini alienda bila maziwa.

Nikampigia Mwenda. Alikuwa Gakoromone akiweka mfereji kwa duka la mtu. Nikamwambia. Hakusema "Matha ni wewe". Afadhali angesema. Alisema tu, "Twende tumwambie Mzee kabla hajaambiwa." Tulipokuwa tukishuka mjini mvua ikaanza. Si ile ya kutulia. Ilikuja na upepo, ikapiga kuba ubavuni, na tukiwa ng'ambo ya barabara tukaona. Ile rangi yetu ilikuwa ikitoka. Inatoka kama unga, inateremka, na ukuta mweupe wa msikiti ukawa na mistari ya kijani na buluu kutoka juu hadi chini ya mlango.

Mzee Aweys alikuwa kibarazani na Sheikh Shueib, yule anayeswalisha. Luul alikuwa amefika mbele yetu lakini hakuwa amesema kitu, alikuwa amesimama upande wa wanawake akiangalia chini. Mwenda akavua kofia na mvua ikimpiga. Akasema, "Mzee, ile dawa ilikuwa mkojo wa ng'ombe na chumvi. Sikujua ni makosa kwenu. Lakini nilijua ni mkojo, na nikakuambia ni dawa."

Maji yalikuwa yakipiga kelele kwa barabara.

Sheikh ndiye aliyeuliza kwanza, na hakuuliza kwa hasira. "Maji ya hilo kuba yanaingia kwa tangi la udhu?"

"Hapana, Sheikh. Bomba nilikuwa nimelitoa. Sijaliunganisha bado."

Sheikh akashusha pumzi hadi nikaisikia. "Alhamdulillahi. Basi ni juu ya bati na ukuta na sakafu. Najisi huoshwa. Maji yapo. Mtaosha mpaka isibaki rangi wala harufu, na itakuwa imekwisha."

Mimi nikaanza kulia, nikasema ni mimi, ni mimi niliyemsukuma. Mzee Aweys akainua mkono.

"Mama, ya mkojo nimemsikia Sheikh. Utaoshwa." Akamgeukia Mwenda. "Lakini mimi nilikuuliza ni nini, ukaniambia dawa. Maua ni mbali. Huko sitakuwa chini ya ngazi kuuliza. Sasa nimpeleke huko mtu ambaye nikimuuliza hili ananiambia lile?"

Mwenda akakunja kofia yake mkononi.

"Osheni," Mzee akasema. "Hayo mengine nitafikiri."

Jumanne, 5 Novemba

Tumeosha. Mwenda juu na mpira wa maji na brashi laini, mimi chini kwa ukuta. Vijana wa malori waliangalia, na leo hawakusema kitu. Kimya chao kilikuwa kibaya kuliko jino la dhahabu.

Katikati ya kazi mtu akachukua brashi ya pili kwa ndoo. Ni Luul. Alifunga nguo yake kiunoni akaanza kusugua bila kuniangalia. Tukasugua. Nikasema, "Mama Sabirin, acha, utachafuka." Akasema, "Nitaoga." Tukasugua tena. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia, kumbe anacheka.

"Mimi nimekulia na ngamia," akasema, "na ngamia anakojoa kila mahali. Lakini hata siku moja sikufikiria kumpandisha juu ya paa."

Nikacheka pia, na machozi. Lakini alipoenda hakusema tutaonana kesho.

Rangi yote imetoka. Chini yake shaba imebaki kahawia nyeusi yenye madoa madoa. Haifanani na kuba, haifanani na kitu chochote.

Alhamisi, 7 Novemba

Maziwa yamechukuliwa na msichana wa kazi. Alisema mama hajambo. Hakuongeza.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Maharagwe yanakaribia kutoa maua na mimi sina raha nayo. Mwenda amekaa kwa nyumba anatengeneza jiko la mtu. Nimemuuliza kama amekula. Nimemuuliza kama anaumwa. Nimemuuliza kama anafikiria kuhusu Maua. Akasema, "Matha, umeniuliza." Nimetoka nje nikasimama kwa mvua kidogo.

Jumamosi, 9 Novemba

Mukami amekuja kutoka Embu, shule zimefungwa. Nilimpigia hatimaye nikamwambia kila kitu. Nilitarajia kelele. Alinishika tu akasema, "Mama, ungeniuliza." Halafu akauliza maswali yake: ilikuwa buluu au kijani, ilikuwa unga au imeshika, tulitumia chumvi gani. Akasema anataka kuona kuba, na kama mabati ya zamani yaliyoraruka bado yapo.

Nikaogopa. Nikasema Mzee Aweys hataki kutuona. Mukami akasema, "Hajasema hivyo. Alisema atafikiri. Twende tumpatie kitu cha kufikiria."

Tumeenda sisi watatu. Mzee alitupokea, kwa sababu hajawahi kumrudisha mtu mlangoni, lakini chai ilichelewa. Kipande cha zamani kilikuwepo, alikuwa amekiweka ghalani, hakutaka wanunuzi wa vyuma wakione. Mukami akakiweka mezani, akaomba msumari.

"Mzee, naomba ruhusa nikwaruze hapa pembeni."

"Kwaruza, mwalimu."

Akakwaruza mstari mmoja. Juu kijani. Chini ya kijani, kahawia kama kakao. Chini ya kahawia, shaba nyekundu safi, inang'aa kama ya juzi.

"Hii si kutu," akasema. "Kutu ya mabati inakula hadi upate tundu. Hii imekaa juu ya shaba miaka yote hii na chini shaba ni nzima. Imeifunika, kama ngozi."

"Na imetengenezwa na nini?" Mzee akauliza. Nikaona ameegemea mbele.

Nitaandika vile Mukami alisema, kadiri nilivyoshika. Shaba ikitoka dukani iko uchi. Hewa ikiigusa, oksijeni inaishika, na inavaa nguo ya kwanza, ile ya kahawia, wanaiita oksaidi. Hiyo inakuja haraka, hata wiki chache. Ile ya kijani ndio inachelewa. Inashonwa na shaba yenyewe, maji ya mvua, oksijeni, na salfa kutoka kwa moshi. Wanaiita salfeti. Pwani inashonwa na chumvi ya bahari, hiyo ni kloraidi. Na hewa tu ya kawaida inaweza kuongeza kaboneti kidogo. Lakini kwa paa la mji, mahali pa moshi, nyingi ni ya salfa. Miaka kumi, ishirini, hata zaidi.

"Na ile yetu?" nikauliza. Sikuweza kunyamaza.

"Yenu, Mama, ni chumvi na amonia ya mkojo. Ilikuja mbio, haikushika. Ilikuwa unga umelala juu. Na chumvi ikibaki hapo ingeendelea kuisumbua shaba chini chini. Kuiosha kumeisaidia."

Sheikh Shueib alikuwa amekaa upande, akasema, "Basi mimi na kemia tumekubaliana." Mukami akamwambia, "Kabisa, Sheikh," na chai ikaletwa.

Halafu Mukami akauliza jambo ambalo mimi singewahi kufikiria. Akauliza, "Mzee, kwa nini ubavu wa barabarani umekolea kuliko ule wa ndani? Kulikuwa na nini hapo zamani?"

Mzee Aweys akafikiri. Akaweka kikombe chini. "Hapo," akasema pole pole, "hapo ndipo marehemu baba alikuwa akiegesha lori lake la kwanza. Kila alfajiri analiwasha, linanguruma hadi lipate moto. Moshi wote ulikuwa unapanda pale. Mama alikuwa akimgombeza, anasema nguo zake zinanuka dizeli."

"Dizeli ya wakati huo ilikuwa na salfa nyingi," Mukami akasema. "Ya siku hizi imepunguzwa. Siwezi kusema ni lori lake pekee yake. Kuna makaa, kuna malori mengine. Lakini moshi wake uko hapo ndani, Mzee. Ndio sehemu ya hiyo rangi."

Mzee alichukua kile kipande akakigeuza. Akapitisha kidole gumba juu ya kijani, pole pole, vile mtu anashika shavu la mtoto aliyelala.

Mwishowe akasema bila kutuangalia, "Kwa hivyo hiki kiraka hakiwezi kuharakishwa."

Mwenda akajibu yeye mwenyewe, kabla ya dada yake. "Kinaweza, Mzee. Kuna dawa za kiwandani, nimeulizia Nairobi. Zingine zinashika vizuri kuliko yetu. Lakini haitakuwa ile. Na sijawahi kuzitumia, siwezi kukudanganya najua. Ukiniuliza mimi, kiache. Na mimi sitakiona kikiwa kama wenzake nikiwa kijana."

Mzee akarudisha kipande mezani. "Leo nimekuuliza ukanijibu," akasema.

Hakusema kuhusu Maua. Mimi nilimngoja aseme hadi tukafika getini. Hakusema.

Jumatano, 13 Novemba

Luul amekuja kuchukua maziwa mwenyewe. Ndama amepona. Tulikunywa chai. Aliniambia tangu siku ile Mzee anatoka kila jioni anasimama barabarani anaangalia kuba. "Ameacha hata kusikiliza habari," akasema. "Nimekuwa mke wa pili, wa kwanza ni paa."

Jumapili, 17 Novemba

Madoa yanapungua. Shaba inakuwa kahawia moja.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua imeanza kupungua, inanyesha jioni tu. Tumevuna maharagwe mabichi ya kwanza. Mwenda ameitwa kuunganisha bomba la tangi. Ameenda, ameunganisha, amerudi. Nikauliza, "Alisema nini?" Akasema, "Alisema niunganishe bomba."

Nimeambiwa na Mukami kwa simu kwamba mtu akiwa na wasiwasi asimmiminie mwingine. Nikamwambia wasiwasi wangu ni mwingi, nikiuweka wote kwangu nitapasuka. Akacheka. Lakini nimefikiria juu ya jambo hilo. Yule kijana alitaka kungoja, na mimi nikamsukuma kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa silali, si yeye.

Jumamosi, 14 Desemba

Harusi. Jua kali, anga safi, Mlima umetoka wote.

Wanaume walijaa msikitini na sisi wanawake tukawa nyumbani kwa Luul, wali na nyama ya mbuzi na vicheko, sijawahi kuona dhahabu nyingi hivyo kwa mikono ya watu. Nilipotoka kupunga hewa nikaona wageni wazee wamesimama nje ya msikiti na Mzee Aweys, wameinua vichwa. Nikajifanya natafuta kiatu.

Mmoja wa Garissa, mwenye ndevu za hina, akanyoosha fimbo. "Aweys, na hapa? Mbona hapa ni kahawia?"

"Hapo bado ni changa," Mzee akasema.

"Rangi iliisha?"

"Haijaisha, haijafika. Hiyo rangi haipakwi. Inatoka kwa shaba na mvua na moshi. Ile nyingine imemchukua baba yangu maisha yake yote." Akaangalia huku na huku. "Fundi wake ni yule kijana. Mwenda! Njoo usalimie wazee. Huyu ndiye anatengeneza paa la Maua baada ya mwaka mpya. Alikosea kitu hapa akaja akaniambia mwenyewe, kwa mvua. Muulizeni chochote, atawajibu."

Mwenda akaja akiwa amevaa koti la Baba Mwenda, limembana mabega. Akawasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Yule wa Garissa akaanza kumuuliza mambo ya mifereji.

Mimi nilirudi ndani. Luul akaniona uso, akaweka sinia chini, akasema, "Alikuwa ameamua tangu siku ya chai. Nilimwambia akuambie. Akasema mwache Mama Mwenda ajifunze kungoja." Nikampiga na kanga ya mtu mwingine.

Alhamisi, 9 Januari

Mwenda ameenda Maua leo asubuhi na vifaa vyake na nguo za baridi ambazo nilimlazimisha abebe. Nimetaka kumpigia alipofika barabara kuu, na alipopita kona, na tena wakati wa chakula cha mchana. Simu iko juu ya kabati. Nimepepeta maharagwe debe zima, nimefagia, nimeosha vibuyu kwa maji tu.

Sista alinipima jana, presha imeshuka. Aliuliza ninafanya nini. Nikamwambia naandika, na kuna kitu kimoja ambacho sifanyi: simmiminii Mwenda wasiwasi wangu.

Jua linaelekea kuzama. Bado sijampigia.